Nilimficha Mkwe Wangu Goti

Ndani ya mguu wangu wa kushoto, juu kidogo ya kifundo, kuna skrubu mbili za chuma. Mume wangu Odhiambo, ambaye ni fundi wa injini za boti hapa Muhuru Bay, alipoziona kwenye picha ya eksirei kwa mara ya kwanza, aliuliza swali moja tu: zinafunguliwa na bisibisi ya aina gani? Daktari alicheka hadi akavua miwani. Mimi siku hiyo sikucheka. Leo nacheka, na ndiyo maana naweza kuandika.

Naandika kwa ajili ya mtu aliyeketi kwenye benchi nje ya chumba cha eksirei, mguu umevimba, na moyoni ana jambo ambalo anaona aibu kulisema. Mimi nilikuwa mtu huyo. Nilikaa na aibu yangu kwa wiki tatu, nayo ikanilipa vibaya.

Nauza omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Tunaianika kwenye nyavu zilizotandazwa kando ya ziwa, na mtu yeyote wa kazi hii anajua kwamba adui yetu ni mvua. Omena ikishanyeshewa inanuka na kuvunjika, na baada ya hapo mteja wako ni kuku. Ilikuwa mwanzo wa mvua ndefu, saa tisa mchana, wingu likatokea upande wa Tanzania bila hodi. Wanawake wote tulikimbia. Nilikuwa nimeshika ncha ya wavu, narudi kinyumenyume, mguu wa kushoto ukazama kati ya mawe mawili. Mguu ulibaki, mwili ukageuka. Nilisikia kitu kikilia kah, kama kuni kavu.

Wenzangu waliokoa omena yangu kwanza, kisha wakaniokoa mimi. Siwalaumu, ningefanya vivyo hivyo.

Jioni kifundo kilikuwa kimevimba hadi kiatu cha plastiki kikakataa kuvuka. Lakini kulikuwa na maumivu mengine ambayo sikumwonyesha mtu. Yalikuwa juu, upande wa nje, chini kidogo ya goti. Nikigusa hapo, macho yanatoa machozi yenyewe. Niliwaza kwamba ni maumivu ya kifundo yanayopanda, kama maji yanavyopanda kwenye utambi.

Binti yangu Akinyi, aliyeolewa Migori mjini, alipiga simu.

"Mama, kesho asubuhi kuja Migori. Si Okoth ndiye anapiga eksirei hapo kwa kliniki? Hutapanga laini hata."

Okoth ndiye mume wake. Ni kijana mpole, mrefu, mwenye sauti ya chini, na kazi yake ni kupiga watu eksirei. Wakati wa harusi tulijisifu sana kwamba tumepata mkwe wa hospitali. Hakuna aliyewaza kwamba siku moja mimi mwenyewe nitalala mbele ya mashine yake.

Msomaji ambaye si Mjaluo nimweleze kidogo. Kwetu, mama mkwe na mkwe wake wa kiume wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Ananiita Maro, maana yake mama mkwe, na akiniita hivyo anaangalia chini. Sijawahi kulala nyumbani kwao. Siwezi kuketi kwenye kitanda chao. Kuonekana kwangu mbele yake nikiwa nimelala chali, nguo imepanda, ni jambo ambalo hata kuliandika hapa kalamu inasita. Vijana wa siku hizi wanalegeza mambo mengi, lakini hili bado lina uzito, hata kwa sisi tunaosali Jumamosi na kusema tumeacha ya kale.

Basi kesho yake Akinyi akanisindikiza hadi mlangoni mwa chumba chenye alama ya hatari, akabaki nje. Ndani kulikuwa na baridi, ukuta mtupu, na meza ndefu nyeusi. Wanaiita meza. Mtu asinidanganye, kile ni kitanda. Okoth alisimama karibu na mashine yake akiitazama sana, kana kwamba imeharibika.

"Oyawore, Maro," akanisalimia. "Pole sana."

"Oyawore. Nimeshapoa," nikasema.

"Tafadhali panda hapa, ulale."

Nilipanda. Sikulala. Niliketi pembeni, nikanyoosha mguu mmoja, nikavuta sketi na leso juu yake mpaka vikabaki vidole na kifundo tu. Kwa mikono yote miwili nilishikilia ile nguo.

Alisubiri kidogo. Kisha akauliza, akiongea na sakafu: "Kuna mahali pengine panauma, Maro? Huku juu?"

"Hakuna," nikasema. "Ni hapa tu."

Nilidhani ameniamini. Akaweka mguu wangu sawa kwa ncha za vidole, akaenda nyuma ya ukuta wake mdogo, akasema nisisonge. Mashine ikatoa mlio mmoja mfupi, akarudi akaulaza mguu upande, ukaja mlio mwingine. Nilishuka pale meza bado ina baridi, maana sikuwa nimeilalia. Nilimshukuru Mungu kwamba nimetoka na heshima yangu.

Daktari wa pale aliinua picha kwenye taa. Mfupa wa kifundo haukuwa umevunjika. Akasema ni kano zimeteguka, akanipa bandeji na dawa, na akaniambia nikanyage taratibu. Nilirudi Muhuru na ile bahasha kubwa ya kahawia nimeikumbatia kifuani. Nikamwonyesha kila jirani: tazameni, mfupa mzima!

Wiki tatu zilizofuata nisingependa hata mwizi wa omena azipitie. Nilikanyaga taratibu, nikakanyaga kwa nguvu, nikakanyaga nikiomba. Dada ya Odhiambo aliniletea mama mmoja anayejua kukanda. Kila asubuhi alinikanda kwa maji ya moto yenye chumvi na mafuta ya samaki aina ya mbuta, na alipofika chini ya goti nilipiga kelele hadi mbuzi wa jirani wakaitikia. Yeye alisema hiyo ni dalili kwamba ugonjwa unatoka. Sikumwambia apaache. Nilikuwa nimeshasema hakuna kitu pale, na picha ilikuwa imekubaliana na mimi.

Odhiambo naye alianza kuchoka. Hakusema, lakini nilisikia namna anavyoweka sufuria chini. Mwanamume aliyezoea kukuta chakula akirudi sasa anasonga ugali mwenyewe, na mke wake ana karatasi ya hospitali inayosema hajavunjika. Siku moja akauliza polepole, "Nyar Rangwe, kwani hiyo mguu iko na nini? Si walisema ni mzima?" Aliponiita hivyo, binti wa Rangwe, kwa sauti ile ya kuchoka, nililia.

Nikaamua kwenda kwetu Rangwe kumwona mama yangu, nipumzike huko kidogo. Kaka yangu Ouma alinipokea barabarani. Nilishuka, nikapiga hatua nne, akainua mkono.

"Simama hapo hapo. Nani alikufundisha kutembea kama bata?"

Nilitazama chini. Unyayo wangu ulikuwa umegeukia nje. Nilikuwa nimeuzoea kiasi kwamba sikuuona tena. Ouma hakuniruhusu hata kufika kwa mama. Alinirudisha barabarani moja kwa moja tukaenda hospitali ya Homa Bay.

Benchi la hospitali ile nalijua kuliko benchi la kanisani kwetu. Lina msumari upande wa kushoto, ukae kulia. Upande wangu alikuwa mzee aliyeshikilia mkono wake kama mtoto mchanga, na mwanamke kutoka Kisegi aliyenigawia nusu ya ndizi yake bila kuniuliza jina. Vitu vidogo kama hivyo usivisahau, ndivyo vinavyokufikisha jioni.

Daktari alikuwa mwanamke, mdogo kuliko Akinyi kwa sura. Aliitoa picha yangu ya kwanza kwenye bahasha, akaiinua dirishani, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akaiweka chini, akaniambia nilale. Hapo nililala, maana hakuwa mkwe wangu. Akapandisha sketi bila kuniuliza, akaanza kubonyeza kutoka chini kwenda juu. Alipofika chini ya goti nilimshika mkono.

"Hapa panauma tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na uliwaambia?"

Nikauachia mkono wake. Muuguzi mnene aliyekuwa akiandika akaacha kuandika.

"Mama, uliwaambia?"

"Aliyenipiga picha ni mkwe wangu," nikasema. "Mume wa binti yangu."

Daktari hakuelewa mara moja, nadhani si wa huku kwetu. Muuguzi alielewa. Alifunga daftari lake, akaja akanivuta sketi vizuri, akasema, "Woi, mama. Humu ndani hakuna mkwe. Kuna mguu tu."

Nilipigwa picha upya, mguu wote, goti mpaka unyayo, kwa mbele na kwa upande. Daktari akaniita nione. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuelekezwa, si kuonyeshwa tu. Akanifundisha kwamba cheupe ni mfupa, kijivu ni nyama, cheusi ni hewa. Mguu wa chini una mifupa miwili, mmoja mnene mbele na mwingine mwembamba pembeni, kama mama na mtoto wanaosindikizana. Ule mwembamba ulikuwa umekatika kwa mshazari, juu kabisa, karibu na goti. Pale pale niliposema hakuna. Na chini kwenye kifundo, ile mifupa miwili iliyopaswa kushikana ilikuwa imeachana. Kati yao kulikuwa na nafasi nyeusi ambayo wiki tatu za kutembea zilikuwa zimeipanua.

Nikaitazama tena ile picha ya kwanza. Haikuwa imedanganya. Ilionyesha kifundo, kwa sababu kifundo ndicho nilichotoa.

"Nitatembea?" nikauliza.

"Tukiirudisha mahali pake, utatembea," akasema. "Lakini umechelewa, sitaki kukudanganya. Kifundo kinaweza kukakamaa."

Kazi yangu yote ni ya kuinama na kusimama juu ya mawe. Mguu uliokakamaa ungenitoa ziwani milele. Nilimwambia afanye.

Nilipasuliwa wiki ambayo serikali ilifunga uvuvi wa omena, kama kila mwaka, ili samaki wazaane. Wenzangu walikuwa wamekunja nyavu hata hivyo, na hilo lilinipa faraja ya kijinga kwamba sikosi kitu. Odhiambo alikuja siku ya pili, akauliza lile swali la bisibisi, kisha tukabaki wawili na uso wake ukabadilika.

"Yule kijana ametuharibia mguu," akasema. "Mtu anasomea picha miaka yote hiyo na haoni mfupa umevunjika? Nitamwambia ukweli wake."

Hapa ndipo nilipokosea mara ya pili, na kosa hili linaniuma kuliko la kwanza. Ningeweza kusema sentensi moja. Nilifumba macho nikajifanya dawa imenilaza. Niliona aibu kumwambia mume wangu kwamba nilivumilia mfupa uliovunjika kwa ajili ya sketi. Nikamwacha amchukie Okoth.

Nilihamishiwa Rangwe kwa mama, kwa sababu ni karibu na Homa Bay. Wiki sita sikuruhusiwa kuweka unyayo chini. Mwili unabadilika mtu akikaa hivyo. Shavu la mguu wangu lilikauka likawa jembamba kama la msichana wa darasa la nne, ngozi ikatoka magamba, na makwapa yakaota sugu kwa sababu ya magongo. Mama yangu, ambaye ana miaka mingi na mgongo uliopinda, alinibebea maji ya kuoga kwenye kopo dogo dogo, safari sita kwa kuoga mara moja. Nilimsihi aache. Alisema hata nilipokuwa mtoto sikuwa mwepesi.

Akinyi alikuja kila Jumapili na unga na sukari. Okoth hakuja. Sikuuliza kwa nini.

Wiki ya sita nikarudi Homa Bay kupigwa picha. Nilikuwa nimejifunza kusoma picha hizo, kwa hiyo nilikimbilia kutazama kabla ya daktari. Ule mstari mweusi karibu na goti ulikuwa bado upo. Nikaanza kulia hapo hapo. Wiki sita za magongo, na ufa bado unanitazama!

"Mama, usitazame ufa," daktari akasema. "Tazama pembeni yake."

Nikafuta macho. Pembeni ya ufa kulikuwa na kitu cheupe hafifu, kimeuzunguka mfupa kama ukoko unavyoshika ukingo wa sufuria. Siku ya upasuaji hakikuwepo.

"Huo ni mfupa mpya. Unajishona. Ufa ndio wa mwisho kuondoka. Na huku chini tazama, ile nafasi imefungwa."

Kama wewe uko kwenye picha ya wiki ya sita na unalia, tafadhali soma maneno hayo mara mbili.

Siku ile nilirudi Rangwe nikiwa mwepesi, na mtu akiwa mwepesi ile mizigo mingine anaisikia zaidi. Odhiambo alikuwepo, Akinyi pia, wote sebuleni kwa mama, samaki yuko mezani, na mama mwenyewe ameketi kando mlangoni kwa heshima ya mkwe wake. Odhiambo akasema, ashukuriwe Mungu, maana mkwe wetu alikuwa ametaka kutuachia kilema. Akinyi aliinamisha kichwa. Nikaona chozi likidondoka kwenye ugali wake.

"Okoth hakukosea," nikasema. "Aliniuliza. Aliniuliza kama huku juu panauma, nikasema hakuna. Nilishika nguo kwa mikono miwili."

Odhiambo alikaa na tonge mkononi. Mama yangu akaangua kicheko, akacheka hadi akakohoa, kisha akaacha ghafla akaanza kulia, akisema ningekufa na sketi yangu.

Lakini mimi nilikuwa namtazama Akinyi.

"Hakuniambia," akasema. "Miezi hii yote, Mama. Alisema ni makosa yake, kwamba alijua anatakiwa kupiga mguu wote akaogopa kukuambia upandishe nguo. Hakusema ulimjibu. Hata siku moja hakusema."

Kijana yule alikuwa amenifunika. Alikuwa amebeba lawama ya baba mkwe, machozi ya mke wake, na lawama yake mwenyewe, ili mimi nisiaibike. Niliona haya kuliko siku ile kwenye meza nyeusi. Odhiambo hakunikemea. Aliinuka, akatoka nje na simu yake, na kupitia dirishani nikamsikia akisema, "Okoth, ni baba. Uko salama?" Kisha akaondoka akaenda mbali na nyumba, sikusikia mengine.

Uvuvi wa omena ulipofunguliwa nilikuwa na gongo moja. Mahindi ya mama yalipovunwa nililiacha nyuma ya mlango. Kifundo kilikakamaa kidogo, siwezi kuchuchumaa kama zamani, kwa hiyo ninaanika omena nikiwa nimeketi kwenye kigoda na wenzangu wananiita mwenyekiti. Naridhika. Niliogopa kwamba nitaishia kuwatazama kutoka nyumbani.

Mvua fupi zilipoanza, daktari wa Homa Bay alitaka picha moja ya mwisho kabla ya kuniruhusu. Akasema naweza kuipiga popote.

"Nitapiga Migori," nikasema.

Okoth alikuwa mlangoni. Alikuwa amekonda. Alisalimia akiangalia chini, kisha akasema haraka, "Maro, nimeongea na mwenzangu, ni mama mtu mzima, yeye ndiye atakupiga. Mimi nitakaa nje."

"Mwambie apumzike," nikasema. "Utanipiga wewe."

Akaingia stoo, akarudi na shuka safi la kijani, akaliweka juu ya meza, akageukia ukuta. "Lala, ujifunike mpaka kiunoni, halafu pandisha nguo mpaka juu ya goti. Ukimaliza, niambie."

Alisema neno goti, akalisema kwa ukamilifu wake. Nililala. Meza ilikuwa na baridi ile ile. Nilipandisha sketi chini ya shuka, nikautoa mguu wote nje, na kovu lake na wembamba wake, nikamwambia tayari.

Alifanya kazi yake. Goti, katikati, kifundo, mbele na upande. Kisha akaitazama picha kwenye kioo chake, na nikaona mabega yake yakishuka.

"Umeshika, Maro. Ufa hakuna. Njoo uone."

"Nimeona usoni mwako," nikasema.

Akarudi karibu na meza. Aliinua macho, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu aoe kwangu.

"Kuna mahali pengine panauma?"

Neno lile la zamani lilikuja lenyewe hadi mdomoni. Nikalimeza.

"Hapa, asubuhi kukiwa na baridi," nikasema, nikaonyesha. "Na hapa nikipanda mawe. Na kwenye nyonga, mwezi wa pili sasa, sikumwambia mtu."

Akavuta kiti, akaketi, akachukua kalamu.

"Nyonga upande gani, Maro?"

Nikamwonyesha.